Na Liemba hadi Ujiji

Mwese tuko juu. Mwezi wa Juni ukungu hulala juu ya mibuni na migomba mpaka jua lipate nguvu, na mgeni anayepanda kutoka Mpanda mjini huomba blanketi la pili kabla hajaulizwa. Ziwa Tanganyika liko nyuma ya milima yetu, upande wa machweo, na siku hizi hata wilaya yetu imepewa jina hilo. Hata hivyo watoto wengi wa Mwese hukua, huoa na kuolewa bila kulitia machoni. Gari la abiria hukushusha kwanza Mpanda, na ukifika huko ndipo utafute lingine la kuelekea Karema. Kwa mtu mwenye watoto na mizigo hiyo ni kazi ya vumbi na subira, na wengi huuliza: nani ahangaike hivyo kwa kwenda kutazama maji?

Sisi tulikwenda, Juni 2014, shule zilipofungwa. Mwenye safari hasa alikuwa mama yangu. Mimi nilikuwa mtafuta nauli tu.

Mama ni Mtongwe wa ufukweni. Alizaliwa chini ya milima ya Mahale, katika kijiji kimojawapo cha vile vilivyokuwa kando ya maji kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, na kabla Mahale haijatangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Alipoolewa alipandishwa Mwese akiwa msichana, na tangu hapo ziwa likabaki katika masimulizi yake ya jioni, kuku wakiwa wamekwisha kuingia bandani. Mke wangu naye ana njia yake iliyomfikisha kwetu. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda waliokimbilia Kivu, na katikati ya miaka ya 1960 wakaletwa Mwese pamoja na maelfu ya wenzao. Shirika la TCRS, lililoundwa mwaka 1964 kuhudumia wakimbizi, liliifanya Mwese kuwa miongoni mwa kazi zake za kwanza. Walikabidhiwa pori, wakaligeuza mashamba. Kwa hiyo watoto wetu watatu wana damu ya ufukweni na damu ya ng'ambo ya ziwa, na niliona si haki wamalize shule ya msingi bila kujua maji hayo yako wapi.

Fedha zilitoka kwenye maharage na kahawa. Mama alikuwa amefunga kwenye kitenge chake akiba ambayo hakuna aliyejua ilianza lini.

Karema kulikuwa na joto. Watoto walivua masweta mmojammoja kadiri gari lilivyoteremka, na tulipofika kitindamimba alikuwa amebaki na fulana akiuliza kama hapa ni Tanzania bado. Tulifikia kwa ndugu wa upande wa Mama, tukala migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, na kwa kuwa meli hazina saa ya uhakika katika ziwa hili, tulikuwa na muda wa kutosha wa kutembea.

Ningemshauri yeyote apitie Karema hata kama hana mpango wa kupanda meli. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold, alijenga kituo chake hapa, kikawa ngome. Wakati ule maji yalikuwa karibu na kuta. Katika miaka hiyohiyo ziwa likafungua njia yake ya kutokea upande wa Kongo, mto Lukuga, maji yakashuka na ngome ikaachwa nchi kavu, mbali na mawimbi. Mwaka 1885, Ulaya ilipokwisha kugawana ramani, Wabelgiji waliwaachia Mapadre Weupe jengo hilo, na mpaka leo misheni ndiyo moyo wa mji.

Lakini mtu wa Karema anayestahili kusimuliwa zaidi hakutoka Ubelgiji. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, huko iliko Mali ya leo, akaibwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na wamisionari sokoni, wakamsomesha udaktari katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka tena. Alitibu watu wa mwambao huu, alifundisha dini, akaoa hapahapa, akazeekea hapahapa, akafariki mwaka 1956. Fikiria, mtoto aliyeuzwa upande wa pili wa Afrika anakuja kuwa daktari kwenye ufuko ambao misafara ya watumwa ilikuwa bado inavushwa. Mama alisema wakubwa wake walikuwa wakimtaja kwa heshima, na wagonjwa wa ufukweni walibebwa kwa mitumbwi kuletwa kwake. Mwanangu wa kati, ambaye kabla ya hapo alikuwa akirusha mawe kwenye maji, alikaa chini kusikiliza, kisha akauliza kama daktari huyo aliwahi kurudi kwao. Nikamjibu kwamba kwao palikuwa hapa.

Meli yetu, Liemba, tuliisikia kabla hatujaiona. Honi yake ni nzito, hupiga mlima na kurudi. Wakati ule Karema haikuwa na gati la kuegesha meli kubwa, kwa hiyo ilisimama mbali kwenye kina, na papo hapo mashua zikaifuata kwa mashindano: abiria, magunia ya mpunga, matenga ya dagaa, mbuzi waliofungwa miguu, mama wenye watoto mgongoni. Ubavuni mwa meli kuna mlango, na mashua hugongana hapo huku mabaharia wakivuta watu kwa mikono. Mama nilimwogopea. Umri wake haukuwa wa kurukaruka. Baharia mmoja mwenye mvi alimwona, akawapigia kelele vijana wote waliokuwa mbele, "Pisheni! Mpisheni Mama!" Mashua zikapisha. Akamshika viwiko vyote viwili, akamwambia, "Shikamoo, Mama. Kanyaga hapa, usiangalie chini." Mama akaitikia marahaba huku mguu ukiwa tayari ndani.

Tulikata tiketi za daraja la pili, kwa ajili ya vitanda, lakini muda wetu mwingi tuliumalizia kwenye sitaha na watu wa daraja la tatu. Huko ndiko kwenye maisha. Wachuuzi walikuwa wamejipangia makazi kati ya mizigo, wengine wamepanda tangu Kasanga au Mpulungu, Zambia, wakijua meli itasimama wapi na nani atapandisha nini. Chai ilikuwa tamu kupita kiasi na chapati zilikuwa za moto. Palikuwa na wageni wachache kutoka Ulaya pia, wenye kamera nzuri, wakipiga picha misumari ya ribiti kwenye kuta za chuma. Wao walikuwa wamekuja kwa ajili ya meli. Wengine wote tulikuwa ndani yake kwa ajili ya kufika, na nadhani meli inastahili heshima hizi zote mbili.

Maana historia yake haina mfano. Yule baharia mwenye mvi aliwakusanya watoto wangu na wa wengine karibu na ngazi akawasimulia, nami hapa naongezea tarehe. Liemba iliundwa katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa katika masanduku takriban 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye reli mpya ya kati hadi Kigoma, na huko mafundi watatu wa Kijerumani pamoja na mamia ya vibarua Waafrika wakaiunga upya ribiti kwa ribiti. Iliteremshwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuwaka. Julai 1916 Wajerumani, wakiona Wabelgiji wanakaribia, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini wale mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza, kwa kuwa hawakutaka kazi yao ioze. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ililo nalo sasa. Mvuke uliondolewa miaka ya 1970 na injini za dizeli zikachukua nafasi.

"Kwa hiyo ilikaa chini ya maji miaka mingapi?" binti yangu mkubwa akauliza. Hesabu yake aliifanya mwenyewe kwa vidole: minane, kasoro kidogo. Usiku ule alilala mkono ukigusa ukuta wa chuma.

Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, na jambo hili lilimgusa mke wangu kuliko mtu yeyote ndani ya meli. Götzen alikatisha Rwanda mwaka 1894 na kukutana na Mwami Kigeli Rwabugiri. Kisha akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na ndiye aliyetawala Majimaji ilipozimwa kwa bunduki na kwa njaa ya kuchomewa mashamba. Mke wangu alisoma maandishi ukutani kwa muda mrefu. "Mtu huyu alipita kwa babu zangu," akasema, "na meli yake sasa inanipeleka mimi kutembea." Hakusema zaidi. Alimfunika kitindamimba kwa kanga, akarudi kukaa.

Usiku ule haukuwa na mwezi, na huo ndio usiku wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo wavuvi hutoka kwenye giza totoro wakiwa na taa, zamani za karabai na siku hizi zaidi za betri, wakazining'iniza juu ya maji na kusubiri samaki wakusanyike kabla ya kuinua wavu. Kutoka sitahani tuliona mji mzima wa taa pale pasipo na mji. Nikawaeleza watoto kwamba chini yetu maji yanashuka hadi mita 1,470 katika sehemu ya kina kuliko zote, kwamba ni Baikal ya Urusi tu inayolishinda ziwa hili kwa kina, na kwamba samaki wanaishi tabaka la juu tu, kwa kuwa chini zaidi hakuna hewa. Nikawaambia pia kuwa kutoka ncha ya kusini hadi ya kaskazini ni zaidi ya kilomita 670, na nchi nne zinalichangia: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Waliniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, na yule baharia akayajibu.

Alfajiri Mama hakuwa kitandani. Nilimkuta mbele, ameshika reli, amejitanda kanga mbili. Mahale ilikuwa imejaa upande wa mashariki, nyeusi yote, na nyuma yake anga likianza kupauka. Jua huchelewa kuwafikia watu wa ufuko ule, kwa sababu milima imesimama kati yao na mashariki. Nkungwe, kilele chake kirefu, ni mita 2,462, na Watongwe tangu kale wameuheshimu mlima huo kama makao ya mizimu. Meli ilikuwa mbali na nchi kavu, hakuna nyumba iliyoonekana, na hata ingekuwa karibu nyumba hazipo. Wapo sokwe, na watafiti wa Kijapani wanaowafuata sokwe hao tangu mwaka 1965, Toshisada Nishida akiwa wa kwanza wao kujenga kambi huko, na hoteli chache za mahema ambazo bei yake ya usiku mmoja ingetulipia safari nzima na ya mwaka ujao.

Mama akapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama anavyosalimiwa mkubwa. Watoto walipofika mmojammoja wakasugua macho, akawaonyesha kwa kidole mahali ambapo bonde linafunguka. Akawatajia majina ya watu waliolima pale. Hakuyataja kwa uchungu. Aliyataja kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba, akawafanya wayarudie mpaka kitindamimba naye akayaweza.

Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba vijiji vile vilikuwa vidogo na vilitawanyika, kwa hiyo kuhama hakukuwa hasara kubwa. Msitu ulipona, hilo ni kweli, na ninaufurahia. Sisi wenyewe upande wa Mwese tunalinda msitu wa Ntakata, na miaka michache baada ya safari hii vijiji vyetu vilianza kulipwa fedha za hewa ukaa kwa kuutunza, zikajenga madarasa na zahanati. Lakini Mahale hakuna kibao kinachowataja wale waliokuwepo kabla ya sokwe kupata majina. Mgeni hupita akidhani ufuko ule ulizaliwa mtupu.

Meli iliposimama Lagosa, mashua zilirudia mashindano yao, mananasi yakapanda, na mchana tukaingia ghuba ya Kigoma.

Kigoma inamkaribisha mtu wa meli vizuri, kwa kuwa kila kitu kiko karibu na maji: bandari, stesheni, soko, barabara iliyopandwa miembe ikipanda kilima. Jengo la stesheni ni la Wajerumani, jeupe, lenye matao, na reli ilifika hapa mwaka 1914, kilomita 1,254 kutoka Dar es Salaam. Watoto walikaa kwenye reli ya mwisho kabisa, pale inapoishia, wakapigwa picha. Tulilala kwenye nyumba ya wageni isiyo na makuu, na asubuhi tukapanda daladala kwenda Ujiji.

Matembezi ya Ujiji tulikuwa tumeyalipia kama watalii wengine, na mwongozaji wetu alikuwa kijana wa mji huo, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Alianzia pale wageni wote wanapoanzia: kwenye mnara wa jiwe unaoonyesha mahali Henry Morton Stanley alipokutana na David Livingstone. Miembe iliyopo ni uzao wa ule wa zamani uliokuwa na kivuli siku ile. Ndani ya makumbusho kuna sanamu za wazungu wawili wakivuliana kofia, ukubwa wa mtu kamili, na picha ukutani. Kijana alieleza vizuri: wasafiri Burton na Speke waliofika mwaka 1858 wakiwa wagonjwa, mmoja hawezi kutembea na mwingine haoni sawasawa, Livingstone aliyerudi kutoka Kongo Oktoba 1871 akakuta mali yake imeuzwa, Stanley aliyeandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba mwaka huohuo. Binti yangu alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari.

Mama alizunguka zile sanamu polepole, akarudi mbele.

"Mwanangu," akamwambia, "hawa wawili nimewaona. Waliowabebea mizigo wako wapi?"

Kijana hakukasirika wala hakucheka. Aliweka chini fimbo yake ya kuonyeshea. "Bibi," akasema, "twende nje nikuonyeshe. Huko ndiko walipo."

Kuanzia hapo matembezi yakawa mengine. Alituondoa kwenye uzio akatupitisha mitaani, kwenye nyumba za matofali mabichi na mlango wa mbao uliochongwa hapa na pale, misikiti, wanawake wanaopepeta mchele, harufu ya mawese yakikaangiwa samaki. Yeye mwenyewe, akatuambia, ni Mmanyema: babu zake walitoka ng'ambo, Kongo, wengine wakiwa wapagazi, wengine askari wa misafara, wengine wakiwa bidhaa. Wamanyema wengi wa Ujiji na Kigoma wana asili hiyo. Ujiji ilikuwa mwisho wa barabara iliyoanzia Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,200, na kila pembe ya ndovu iliyofika Unguja ilikaa begani mwa mtu. Kwa miaka mingi mji uliongozwa na Mwinyi Kheri, mfanyabiashara wa Mrima aliyeishi hapa mpaka kifo chake mwaka 1885. Livingstone, Stanley na wamisionari wote walipita mikononi mwake. Mambo haya yalisemwa tukitembea, kijana akisimama kuamkia wazee vibarazani, na wazee wakiongeza walichokijua.

Naye alitutajia watu ambao mimi, niliyesoma historia hii darasani, sikuwahi kuwaweka pamoja. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kupelekwa India, ndiye aliyekuja na Burton na Speke hapa mwaka 1858, akaja tena na Stanley mwaka 1871, akaja tena na msafiri mwingine, Cameron, mwaka 1874 na kuendelea naye hadi bahari ya Atlantiki. Hakuna Mzungu wa zama zile aliyeifahamu barabara ile kama yeye. Na siku ya kukutana, mtu wa kwanza kumsalimu Stanley hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, akifuatiwa na Chuma, watumishi wa Livingstone waliotoka mbio kuupokea msafara. Wawili hao, Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule Chitambo katika Zambia ya leo, waliukausha mwili wake na pamoja na wenzao wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo.

"Walipita wapi?" Mama akauliza.

Hapo nilijibu mimi, kwa sababu nilikuwa nimelisoma jambo hili na kulihifadhi. Stanley na Livingstone hawakuachana Ujiji. Mwishoni mwa Desemba 1871 waliondoka hapa kwa mitumbwi, wakashuka ziwa hadi ufuko wa Utongwe, kisha wakakata nchi kwa miguu kuelekea mashariki, mvua za masika zikiwanyeshea, hadi Unyanyembe karibu na Tabora, walikofika Februari 1872. Maana yake walipita katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Vitabu vya wasafiri hao vinalalamikia milima, mito iliyofurika na njaa. Na mwaka uliofuata Susi na Chuma, wakitokea kusini na mwili, walizunguka ziwa wakapandisha hadi Unyanyembe hiyohiyo. Ninaposema historia ya Ujiji ni yetu watu wa Mpanda na Mwese, sisemi kwa kujipendekeza. Njia ilikanyagwa kwetu, na chakula cha misafara kilitoka mashambani mwa watu kama sisi, kwa kununuliwa au kwa kunyang'anywa.

Mwongozaji alinitazama. "Hilo la Katavi," akasema, "wageni hawaniulizi." Akaomba nimrudilie majina ya sehemu, akayaandika.

Tulimalizia ufukoni, pwani ya zamani ya Ujiji, ambayo nayo ziwa limeiacha nyuma kidogo. Hapo hakuna mnara, na kwangu ndipo penye uzuri wa mji. Mafundi huunda mashua chini ya miti, mbao nzito, ubao kwa ubao, bila mchoro, wakipima kwa macho na kamba, wakiziba nyufa kwa pamba na lami. Mbavu za mashua moja kubwa zilikuwa zimesimama wazi, na mwanangu wa kati aliingia katikati yake akakataa kutoka. Fundi akampa randa ndogo na kipande cha ubao. Huyo mtoto, ambaye kwa kitabu havumilii dakika kumi, alipiga randa mpaka tukamaliza kula. Leo anasomea useremala Mpanda.

Mama hakutaka kununua kitu chochote Ujiji isipokuwa mawese, dumu zima, na asubuhi ya kuondoka akatulazimisha twende Kibirizi kwenye mwalo, dagaa wakiwa wameanikwa kwenye mchanga na kwenye vichanja hadi jicho linakofika. Alionja kabla ya kulipa. Alikataa gunia la kwanza na la pili, mchuuzi akiapa kwa jina la mama yake, na kwa la tatu akabusu vidole kisha akatoa fedha kwenye kitenge. Tulirudi kwa treni, tukabadilisha Kaliua kuingia tawi la Mpanda, watoto wakilala juu ya lile gunia. Behewa zima lilijua tulikotoka.

Mwaka uliofuata, Mei 2015, redio ikatangaza kwamba Warundi maelfu kwa maelfu wanaokimbia kwao wamekwama Kagunga, ufuko mwembamba uliobanwa na mlima kaskazini mwa Kigoma, na kwamba Liemba imetumwa kuwabeba. Ilikwenda na kurudi, mamia ya watu kila safari, wakashushwa Kigoma na kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Mke wangu aliongeza sauti ya redio. Aliwaita watoto, akawakalisha, akawaambia wasikilize: meli ile tuliyopanda sisi kwenda kutembea ndiyo hiyo. Siku hiyo ndipo alipowasimulia kwa mara ya kwanza jinsi wazazi wake walivyofika Mwese, tangu mwanzo hadi mwisho, na chakula kikapoa mezani bila mtu kuinuka.

Baadaye Liemba ikasimama, miaka mingi, ikisubiri ukarabati mkubwa. Karema kwa upande wake imepata bandari mpya, yenye gati la zege na ghala, iliyogharimu serikali karibu shilingi bilioni 48. Yule baharia mwenye mvi asingelazimika tena kuwapigia kelele wenye mashua. Mama ana umri mkubwa sasa na hatembei sana nje ya ua, lakini kila mtu akipita kutoka Karema humwita na kumuuliza kama ile meli imerudi majini. Binti yangu ni mwalimu wa historia, na daftari la Ujiji analo bado. Ameshatuambia kuwa meli ikirudi tutakwenda kusini, Kipili, Kasanga mpaka Mpulungu, upande ambao hatukuuona, na nauli ya bibi yake ataitoa yeye.